Beta-alanini kabla ya tizi: gramu ngapi? Uzi kwa mabondia, wakimbiaji na wapiga chuma

KochaMtaani_Manzese (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno pale jimu kwetu, nikaona niliandike mahali pamoja. Kijana anakuja na kopo la poda, au pakiti ya nailoni aliyopimiwa dukani, ananiambia, "Kocha, hii amino ninywe kiasi gani kabla ya mazoezi?" Miaka miwili nyuma nilikuwa najibu kwa kubahatisha, mpaka yaliponikuta mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tumbo tupu tangu usiku. Nilinunua poda ya kunywa kabla ya zoezi, lebo inasema skupu moja ina beta-alanini gramu 3.2. Nikawaza, mtu mzima kilo 72, skupu moja itanifanya nini? Nikatia mbili kwenye chupa, nikatikisa, nikaimaliza kwa mafunda manne. Robo saa baadaye, niko kwenye kamba naruka, masikio yakaanza kuwaka. Ukafuata uso, shingo, na migongo ya viganja. Haikuwa kama kuwashwa na upele. Ilikuwa kama siafu wanatembea chini ya ngozi na kila mmoja kashika sindano. Nilivua fulana nikajimwagia ndoo nzima ya maji, wapi! Nikakaa kwenye benchi nimeshika kifua nikiamini moyo ndio unasimama. Kijana mmoja alishatoka mbio kuita bodaboda anipeleke hospitali. Baada ya saa moja na kitu siafu wakaisha wenyewe, mwili ukarudi kama hakuna kilichotokea.

Tangu siku ile nimesoma sana jambo hili, na nimeanza kupima. Nawaletea nilichokipata.

Beta-alanini ni asidi amino, ila si miongoni mwa zile zinazojenga nyama ya mwili. Ikifika kwenye msuli inaungana na mwenzake aitwaye histidini, wanatengeneza kanosini. Kanosini inajulikana tangu mwaka 1900, aliipata mwanakemia Mrusi Vladimir Gulewitsch kwenye rojo ya nyama. Kazi yake ni hii: ukipiga begi kwa nguvu dakika mbili tatu bila kupumzika, mikono inawaka na kuwa mizito, ngumi haziendi tena. Msuli umejaa ukali wa asidi kuliko unavyoweza kuutoa. Kanosini inaupooza ukali huo, ukapata sekunde kadhaa zaidi kabla mikono haijagoma. Histidini mwilini ipo ya kutosha. Kinachopungua ni beta-alanini, ndiyo maana tunainywa.

Sasa hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Kanosini haijazwi kwa siku moja. Ni kama simtanki la nyumbani: unatia ndoo leo, ndoo kesho, na siku ya kufua unatumia maji yaliyokwisha kukusanyika. Ndoo uliyomimina dakika ishirini kabla ya kufua haibadilishi kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ambao walichukua vipande vidogo vya msuli wa paja wakapima, ulikuta kanosini imepanda karibu asilimia 59 baada ya wiki 4, na asilimia 80 baada ya wiki 10. Wiki, wakuu. Kwa hiyo "gramu ngapi kabla ya zoezi" kwa beta-alanini halina jibu. Swali ni gramu ngapi kwa siku, na kwa wiki ngapi.

Jumuiya ya Kimataifa ya Lishe ya Michezo ilitoa msimamo wake mwaka 2015: gramu 4 hadi 6 kwa siku, kwa uchache wiki 2 hadi 4, zigawanywe katika dozi ndogondogo. Wale siafu wanaanza kwenye miligramu 10 hivi kwa kila kilo ya mwili zikimezwa kwa mkupuo. Mimi wa kilo 72, mpaka wangu ni kama miligramu 720. Siku ile nilimeza 6,400, karibu mara tisa.

Na naomba hili lisikike vizuri, maana wauzaji wanalitumia: siafu si dalili kwamba poda inafanya kazi. Zile ni neva za ngozi zimeshtuliwa, msuli hauna habari. Viwanda vinajua mteja akihisi kuwashwa ataamini kanunua kitu chenye nguvu, kwa hiyo wanaweka dozi nzima kwenye skupu moja. Inaniuma kumwona kijana anayebeba zege mchana ili alipie jimu jioni, anatoa pesa kununua kuwashwa.

Naomba kuwasilisha. Maswali yaje, nitajibu ninayoyajua.

---

BondiaWaMabibo

Kocha shikamoo. Nina pambano la raundi 6, zimebaki wiki sita kasoro siku mbili. Uzito wangu kilo 61. Nina kopo la beta-alanini tupu, halina vikolombwezo vingine. Nipangie ninywe vipi. Halafu, hivi kwa ngumi kweli inasaidia au ni ya wapiga chuma?

---

KochaMtaani_Manzese

Marahaba kijana wangu.

Nianze na la pili. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi pamoja, wa mwaka 2012, ulikuta faida inaonekana zaidi kwenye kazi ngumu ya sekunde 60 hadi 240. Raundi yako ni dakika 3, umo katikati kabisa. Mpiga chuma anayenyanyua mara tano kisha anakaa hapati kitu kikubwa. Na faida yenyewe ujue ukubwa wake: thamani yake ya kati ilikuwa asilimia 2.85. Haitakufundisha jabu wala haitakupa pumzi ambayo hukuitafuta barabarani alfajiri. Inakupa ngumi mbili tatu mwishoni mwa raundi ambazo zingekuwa hewa.

Wiki sita ni muda mzuri. Kwa kilo 61 siafu wataanza kuonekana ukivuka miligramu 600 hivi, lakini ukila nayo wanapungua sana. Nakushauri gramu 4.8 kwa siku, mara tatu: gramu 1.6 pamoja na chai ya asubuhi na kitafunwa, 1.6 na chakula cha mchana, 1.6 na cha usiku. Ikikuwasha, gawa mara sita za 0.8. Ichukue na chakula hasa, kwa sababu ikiambatana na mlo msuli unaipokea vizuri zaidi. Siku za mapumziko kunywa vilevile. Ukiruka siku moja usifidie kwa kumeza mara mbili kesho yake.

Ukishajaza, haitoki upesi. Ukiacha kabisa, inachukua kati ya wiki 6 na 15 kurudi ulipoanzia. Maana yake wiki ya kupima uzito na ya pambano hata usiponywa bado unayo.

Kuhusu kupima: usiamini kijiko. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima haifai, tafuta kile kimizani kidogo cha masonara kinachosoma nukta mbili. Nilipima skupu ya kopo langu, lebo inasema gramu 3.2. Nilipoisawazisha kwa kisu ilitoka 3.4. Nilipochota kama watu wanavyochota, kilima juu, ikasoma 5.1. Kopo lilelile, skupu ileile.

---

MamaDawa_Moro

Kocha, asante kwa uzi. Mimi ni mtu wa famasia, miaka mingi dirishani, naomba niongeze yale ninayoyaona upande wetu.

Mtu mwenye tatizo la figo asinunue amino ya aina yoyote kabla hajaongea na daktari wake. Wengi hawajui hali ya figo zao, hasa wenye presha na kisukari, wanakuja jimu kwa ushauri wa kupunguza mwili na wiki ya kwanza wanapewa kopo. Mjamzito na anayenyonyesha aache tu, hazijapimwa kwao vya kutosha.

Pili, angalieni kopo lina nini kingine. Poda nyingi za kabla ya zoezi zina kafeini, na mara nyingine skupu moja ina miligramu 200 au 300. Ukifanya alichofanya kocha, skupu mbili, umemeza 400 hadi 600, kisha unakwenda kuruka kamba kwenye joto la Dar. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiasi kinachotajwa kuwa salama ni hadi miligramu 400 kwa siku nzima, chai na soda za kuongeza nguvu zikiwemo. Siafu wa beta-alanini hawaui. Hilo la kafeini ndilo linaloniogopesha mimi. Ukisikia moyo unakwenda mbio au unaruka mapigo, kifua kinabana, kizunguzungu, usiseme ni siafu. Nenda hospitali.

Na tafadhali msinunue poda iliyopakuliwa kwenye nailoni. Mwaka 1989 kule Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua ugonjwa mbaya wa misuli na damu, na zaidi ya 30 wakafa, baada ya kutumia vidonge vya asidi amino moja, triptofani. Uchunguzi uliwafikisha kwenye mzigo uliotoka kiwanda kimoja, ulioingia uchafu wakati wa kutengeneza. Yale yalikuwa makopo yenye lebo na namba za toleo, ndiyo maana waliweza kufuatilia. Nailoni utaifuatilia wapi?

---

KochaMtaani_Manzese

Mama, heshima yako. La kafeini nilipaswa kuliweka juu kabisa. Nimerudi kuangalia lile kopo langu: miligramu 175 kwa skupu. Kumbe moyo ule ulikuwa na sababu yake.

---

MkimbiajiArusha800

Mimi ni dada, nakimbia mita 800 na 1500, si wa timu ya taifa, nakimbilia klabu tu. Nimetumia beta-alanini misimu miwili. Ninachoweza kusema ni kwamba mita 200 za mwisho za 800, pale miguu inapokuwa kuni, naona nabaki na hatua yangu muda kidogo zaidi. Lakini pia nilibadilisha mazoezi msimu uleule, kwa hiyo siwezi kuapa kuwa ni poda.

Swali langu ni jingine. Mimi sili nyama, nilikulia nyumba ya maharage na maziwa. Nimesikia wasiokula nyama wananufaika zaidi, ni kweli? Na kuna rafiki yangu anakunywa sitrulini saa moja kabla ya mbio, anasema hiyo ndiyo ya "kabla". Naomba ufafanuzi.

---

KochaMtaani_Manzese

Dada karibu sana.

La nyama: beta-alanini kwenye chakula inatokana na nyama, kuku na samaki, maana kanosini na ndugu zake wamo humo. Vipimo vimeonyesha wasiokula nyama wana kanosini pungufu misulini. Kwa hiyo simtanki lako linaanza likiwa chini, nafasi ya kujaza ipo kubwa. Dozi ni ileile.

Sitrulini ni hadithi nyingine kabisa, na rafiki yako yuko sahihi kwamba hapo saa ina maana. Jina lake limetokana na tikiti maji, *Citrullus*, kwa sababu Wajapani waliitoa humo mwaka 1914. Ukiimeza, inapita ini bila kuguswa sana, inafika kwenye figo, figo zinaigeuza kuwa arjinini, na arjinini ndiyo mwili unayotumia kutengeneza gesi inayolegeza mishipa ya damu. Utauliza, kwa nini usinywe arjinini yenyewe? Kwa sababu utumbo na ini vinaila sehemu kubwa kabla haijafika popote. Ajabu ni kwamba sitrulini inapandisha arjinini ya damu kuliko arjinini inavyojipandisha.

Kiasi kinachotumika kwenye tafiti nyingi ni gramu 8 za sitrulini maleti (sitrulini iliyochanganywa na asidi ya maliki), au gramu 6 hivi za sitrulini tupu, dakika 60 kabla. Utafiti uliosifika ni wa 2010, wanaume 41 wakipiga benchi: marudio kwenye seti ya mwisho yaliongezeka kwa zaidi ya nusu, na maumivu ya misuli yakapungua kwa asilimia 40 siku mbili zilizofuata. Mimi niliposoma nilichangamka. Lakini tafiti zilizofuata zimegawanyika, nyingine zimepata kidogo, nyingine hazikupata kitu. Maoni yangu: ijaribu mazoezini mara nne tano kabla ya kuipeleka kwenye mashindano, kwa sababu gramu 8 kwenye tumbo lenye wasiwasi wa mbio zinaweza kukupeleka chooni. Ni chachu pia, chachu ya ukwaju.

Kuhusu tikiti lenyewe, watu huuliza. Kilo moja ya nyama ya tikiti ina kati ya nusu gramu na gramu 3.6, inategemea aina. Hata ukipata lile bora kabisa, gramu 6 ni karibu kilo mbili za tikiti saa moja kabla ya kukimbia. Kula tikiti kwa kiu na utamu wake.

---

MamaDawa_Moro

Naomba nidakie: anayetumia dawa za presha, dawa za moyo za kundi la naitreti, au vidonge vya nguvu za kiume, asiguse sitrulini wala arjinini bila kuuliza. Zote zinalegeza mishipa. Zikikutana, presha inaweza kushuka ukaanguka.

---

PwaniMombasa_01

Salaam alaikum ndugu zangu. Nawasoma kutoka Mombasa. Hapa jimu yetu kila mtu ana chupa ya poda ya amino iitwayo BCAA, rangi ya buluu au waridi anakunywa tangu anaingia hadi anatoka. Hamjaitaja. Ni gramu ngapi? Na kwa sisi tunaopiga tizi kabla ya futari mwezi wa Ramadhani, mpango ukoje?

Niwaongezee pia: huku Kenya wanariadha tunapimwa, na ADAK (shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni) ikikukuta na kitu kilichokatazwa, kusema "sikujua kimo kwenye poda" hakukusafishi. Kilichomo mwilini mwako ni chako. Beta-alanini na sitrulini hazimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa, lakini poda za kabla ya zoezi zimewahi kukutwa na vichangamshi kama DMAA ambavyo vimo. Mtu wa mashindano achukue ya kiambato kimoja, yenye alama ya kupimwa na maabara huru.

---

KochaMtaani_Manzese

Waalaikum salaam sheikh. Hilo la ADAK nalishika kwa mikono miwili, na Bondia wa Mabibo alisome.

BCAA ni asidi amino tatu, lusini, isolusini na valini, kwa kawaida kwa kipimo cha 2:1:1, na watu hunywa gramu 5 hadi 10. Nitasema wazi: kwa anayekula protini ya kutosha, naona ni pesa inayomwagika. Msuli unahitaji asidi amino tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Lusini kazi yake ni kama msimamizi wa saiti, anapiga filimbi kazi ianze. Filimbi imelia, mafundi wamepanda jukwaa, tofali zipo za aina tatu tu, na saruji haijaletwa. Utafiti wa 2017 uliwapa vijana gramu 5.6 baada ya chuma, ujenzi wa msuli ukapanda asilimia 22. Si sifuri. Ila protini kamili ya maziwa yenye BCAA kiasi hichohicho, kwenye tafiti nyingine, hupandisha karibu mara mbili ya hapo. Chupa ile inaonekana tamu na ya kisasa, lakini lusini yenyewe ni chungu na haiyeyuki, utaiona imeelea juu ya maji kama vumbi la chokaa. Utamu wote ule wa buluu umetiwa.

Anayejenga mwili ahesabu kwanza protini ya siku nzima. Uchambuzi wa tafiti 49, wa mwaka 2018, ulikuta faida inafikia ukomo kwenye gramu 1.6 hivi kwa kilo ya mwili. Kwa kijana wangu wa kilo 61 ni kama gramu 98. Yai moja ni gramu 6. Dagaa, maharage, kunde, mtindi, kuku akipatikana. Hapo kwenye mzani wa bei, trei la mayai linaishinda chupa ya buluu kila siku.

Ramadhani: beta-alanini haina shida, gawa kati ya futari, baada ya tarawehe na daku, simtanki linajaa vilevile. Sitrulini haiwezekani kama unapiga tizi saa ya mwisho kabla ya magharibi, maana umefunga. Wa kwetu hapa waliofunga walihamisha zoezi saa moja na nusu baada ya futari, na maji wakayapanga usiku mzima. Joto la pwani na mwili usio na maji, hapo hakuna amino itakayokuokoa.

---

BondiaWaMabibo

Kocha, Mama, nashukuru sana. Nimeazima kimizani cha sonara hapa jirani. Skupu yangu lebo inasema gramu 2, sawasawa kwa kisu imetoka 2.3. Nimetengeneza vipakiti 21 vya karatasi vya 1.6, vya wiki nzima, nimeandika asubuhi, mchana, usiku. Cha kwanza nimekunywa leo na chai na chapati mbili. Masikio yamechonyota kidogo dakika kama ishirini, yakaacha.

---

KochaMtaani_Manzese

Safi. Kesho cha asubuhi kigawe, nusu na chai, nusu saa nne. Na lete daftari la roadwork (mbio za barabarani), nataka kuona muda wako wa kilomita 5 wiki hii na wiki ya nne.